Chombo na Kaburi Lake

Mado hakuketi mpaka nilipomwambia mara ya tatu. Alisimama mlangoni mwa nyumba yangu, kopo la biskwiti likiwa kifuani pake, lile la bati jekundu lenye picha ya farasi, ambaye kutu ilikuwa imemla akabaki na miguu mitatu. Nilitambua kopo kabla ya kutambua uso. Yeye amekuwa mama mzima mwenye mvi, na mimi pia, lakini kopo lilikuwa lilelile. "Papa alikufa mwezi ya tatu," alisema. "Kule Mbuji-Mayi. Alisemaka, siku nitafika Likasi nikuletee hii. Bon. Nimeleta." Nikamwekea chai, akaitazama ikipoa. "Minye sikukuya juu ya chai, Odile. Nilikuya juu ya bintu mbili. Ya kwanza, nataka uniambie kwa kinywa chako: nani alibeba bile byombo?" Nimenyamaza vizuri maisha yangu yote, na watu wakaniita mwanamke mwenye adabu. Nilivuta kopo upande wangu wa meza, nikaweka viganja juu ya kifuniko bila kukifungua, na Mado akaniacha nikae hivyo, kwa maana alikuwa amengoja miaka mingi, na nusu saa nyingine haikuwa kitu kwake.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na mbili, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Walimu hawakulipwa, wakaacha kufundisha. Shule yetu ya masista ilifungwa kwa mnyororo, na mbuzi wa mlinzi wakalala katika darasa letu. Nilikuwa na daftari la siku zangu, nikiliandika kila jioni kabla taa haijawashwa, kwa sababu kuongea kulinishinda. Bado ninalo. Ukurasa wa mwezi wa nne unasema: "Leo sista amenipatia kazi, si kwa akili, kwa mwandiko." Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliotangulia, askari walipopora mji, mzungu mmoja mzee aliyekuwa akichimba makaburi ya kale kando ya Lufira alikimbia na begi moja, akaacha masanduku tisa katika maabara ya zamani ya Kampuni ya migodi. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya shaba ambavyo watu wa kale walizikwa navyo: mabakuli, visahani, vikombe visivyo na mkono, vyote sitini na kimoja, vya kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Papa Mukendi, baba yake Mado, fundi wa maabara, ndiye aliyebaki na ufunguo. Alikuwa Mkasai, mtu ambaye wazee wake walitoka jimbo la Kasai, lakini yeye alizaliwa Likasi, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kupima jiwe lina shaba kiasi gani. Aliamua kwamba vyombo vile lazima viandikwe kabla mtu hajavisahau. Hakuna mkubwa aliyemtuma. Alihitaji tu mtu wa kuandika, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeunguzwa na asidi na herufi zake zilitetemeka.

Chumba kiliitwa chumba cha mizani. Nikifumba macho ninakiona kuliko ninavyokiona hiki ninamokaa. Dirisha lilikuwa juu, limepakwa chokaa nusu, mwanga ukaingia mweupe kama maziwa. Sinki lilikuwa na doa la bluu lisilotoka. Mizani yenyewe ilifunikwa kitambaa kama kiti cha askofu. Kulinuka asidi, vumbi na viazi vitamu, kwa sababu chakula chetu cha mchana kilikuwa viazi vitamu alivyochemsha mke wa Papa, pamoja na karanga ndani ya karatasi. Saa sita Papa alifuta meza, akagawa viazi sawasawa, kisha akaweka karanga moja juu ya sanduku. "Ya benye nyumba," alisema. Siku ya kwanza nilidhani ni uchawi, nikaandika hivyo katika daftari. Siku ya tatu nilimwona akiila mwenyewe saa tisa, akanikonyeza: "Bamekataa. Banasema haina chumvi." Mimi sikucheka kwa sauti, nilikuwa ninachekea ndani. Alinitania kwa hilo pia. "Odi, weye unaongea kama ile mizani," alisema. "Mpaka mutu akuwekee kintu juu."

Kazi ilikuwa na sheria, na ninazikumbuka kuliko sala. Kila chombo kinapewa namba. Unapaka kwanza rangi ya kucha isiyo na rangi, inakauka, unaandika namba kwa wino mweusi na kalamu ya chuma, unapaka tena juu. Kisha kadi: namba, kaburi, mahali kilipolala ndani ya kaburi, kichwani au miguuni au kifuani, mdomo juu au mdomo chini, upana, kina, hali. Papa alisoma kutoka katika madaftari ya mzungu, mimi niliandika. Usichokijua unakiacha wazi. Ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja, unaandika lililo kweli pembeni, unaweka jina lako. Na kikiharibika mikononi mwako, unaandika kimeharibika vipi na kwa mkono wa nani. "Juu ya nini tunajitaabisha na kaburi, papa?" nilimuuliza siku moja, swali refu kuliko yote niliyomuuliza mwezi ule. Alishika bakuli moja kwa vidole viwili. "Ukijua kaburi, hii ni bakuli ya mama mumoja alizikwa na batoto bake. Usipojua, ni mitraye." Mitraye ndiyo vyuma chakavu vya kuuza kwa kilo. "Chombo bila kaburi yake ni mitraye tu. Andika hiyo mu kichwa yako."

Mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya hewa, na maneno ya ukumbini yaliingia. Watu wa maabara walikuja kazini bila kazi, wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mmoja, Kasongo, alikuwa na ulimi. "Papa Mukendi," aliita kila asubuhi, "bakufa yako balilipwa mwezi hii?" "Bado," Papa alijibu. "Basi tuko sawa nabo!" Na wote walicheka, Papa akicheka zaidi. Mwezi wa nane kicheko kile kilikatika. Redio zilikuwa zimeanza kusema nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, vijana walipita barabarani wakiimba, wakiwaita Wakasai bilulu, wadudu, na asubuhi moja Kasongo hakuita kwa mzaha. Nilimsikia akiwaambia wenzake, bila kushusha sauti: "Bakufa ni ba kwetu. Sasa juu ya nini Mukasai njo anabashika?" Papa alikuwa ananisomea upana wa kisahani. Akausoma tena, namba ileile, na mimi nikaiandika mara ya pili pembeni ya ile ya kwanza, kama mjinga.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kwetu Likasi hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kitu cha shaba ukutani: sahani iliyofuliwa na baba fulani kiwandani, kisahani cha majivu ya sigara, msalaba. Na kila Jumamosi msichana wa nyumba aliviteremsha vyote, akavisugua kwa ndimu, chumvi na majivu mpaka vikawa vyekundu, vinang'aa kama uso wa mtu anayetoka kuoga. Shaba ya kijani ilikuwa aibu. Ilimaanisha nyumba haina binti, au ina binti mvivu. Juma moja Papa alikuwa na malaria, nami nilikuwa peke yangu siku tatu. Namba kumi na nne ilikuwa bakuli dogo, linaenea katika kiganja changu, kutoka kaburi la mtoto. Nilitaka kumfurahisha. Nilileta ndimu kutoka nyumbani. Ukurasa wa siku ile unasema: "Nimeisugua saa mbili. Ni nzuri, papa atashangaa." Nikaiweka dirishani ili aione akiingia.

Alishangaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, jasho la malaria bado likimtoka. "Nani?" "Ni minye, papa." Aliketi. Alilichukua bakuli, akalielekeza kwenye mwanga, akaangalia ndani, akaligeuza, akaangalia ndani tena kana kwamba kitu kingeweza kurudi. Halafu akanieleza kwa sauti ya chini, na ningependa angenipiga. Ndani ya bakuli lile, katika ukoko wa kijani, kulikuwa na alama ya kitambaa. Watu walimfunga mtoto yule katika nguo ya nyuzi za makuti, wakamwekea bakuli kifuani, mdomo chini. Nguo ikaoza, mtoto akaoza, lakini shaba ikashika mfumo wa nguo, uzi juu ya uzi. "Nilikuwa nakuwekea ile uandike mwisho," alisema. "Juu iko muzuri kupita zote." Nililia. Alinipa leso yake. Kisha akatoa kadi ya kumi na nne katika kopo la biskwiti tulimozipanga. "Hii nitaandika mwenyewe," alisema, na sikuona alichoandika.

Bakuli lilibaki dirishani siku ile. Hatukuwa na moyo wa kulirudisha sandukuni. Na siku ileile Yaya Deo, kaka yangu mkubwa, alikuja kuniita kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa inakuja. Alikuwa ameacha shule kabla ya shule kutuacha sisi, akawa anazunguka na watu wanaokata nyaya na kuzipeleka mpakani. Mara nyingi alikuwa amepita mlangoni pale, akaona vitu vya kijani vyenye udongo, akanicheka: "Unashinda mu bulongo ya bakufa." Mara hii alilitazama dirisha. Jua la kabla ya mvua lilikuwa linaipiga ile kumi na nne, nayo iliwaka. "Tiens," alisema Yaya. "Kumbe ni shaba?" Papa alikuwa anafunga madaftari. "Ni shaba," alijibu, kama mwalimu. "Safi sana. Babu zetu balijua kazi." "Na ile mu masanduku yote?" "Yote." Yaya akanishika bega, tukaenda, na njiani alikuwa mpole kwangu, akanifunika kwa koti lake.

Jumapili ya pili baada ya hapo, watu wakiwa misani, mlango wa chumba cha mizani ulivunjwa. Masanduku yalibaki, majani ya kufungia yalibaki, vyombo vyote vilikwenda. Kadi walizimwaga sakafuni, na juu ya moja palikuwa na alama ya kiatu ninachokijua, kwa sababu kisigino chake nilikigongelea msumari mimi mwenyewe. Jioni ile, mapema, jua lingali juu ya ua, Yaya alileta kuku wawili, mafuta ya mawese na mchele. Tulikuwa tumeishi miezi kwa bukari, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga mara moja kwa siku. Mama alimtazama Yaya, akatazama kuku, akasema tu: "Leteni sufuria." Nilikula paja na shingo na mchuzi. Nilifuta sahani kwa kidole. Daftari langu, ambalo nililiambia mambo yote, hata ya damu yangu ya kwanza, siku ile lina mstari mmoja: "Leo tulikula kuku."

Jumatatu vijana wa mtaa walikuja maabara pamoja na mlinzi na askari mmoja. Kasongo alikuwa pamoja nao. "Njo bile nilisema," alisema. "Ameuzisha bakufa yetu, mulango amevunja mwenyewe kutudanganya, apate nauli ya kwenda kwabo." Papa hakupiga kelele. Alisema waniulize mimi, kwa maana mimi niliandika kila kitu na mimi sijui uongo. Askari akanigeukia. "Weye, mutoto. Nani alikuwa na ufunguo?" Nikajibu: "Papa Mukendi." Ni kweli, alikuwa nao. "Ni yeye peke?" "Ni yeye peke." Ni kweli pia. Sikusema uongo hata neno moja. Nimejifariji na hilo mara nyingi, kama mtu anayenyonya jiwe kwa njaa, na nawaambia wazi kwamba halina kitu ndani. Papa alinitazama akingoja niendelee. Nilitazama lile doa la bluu kwenye sinki. Wakamchukua.

Walimfunga siku tisa. Baadaye watu waliniambia, wa kwanza akiwa mama yangu: "Ata usingesema, bangemufukuza tu. Banafukuza bote." Ni kweli kwamba waliwafukuza wote. Majuma yale Wakasai walitolewa nyumba kwa nyumba, wakalala gare, kituo cha treni, maelfu kwa maelfu, chini ya maturubai na milango waliyong'oa, wakingoja treni ambazo hazikuja. Lakini familia ya Papa Mukendi ilikuwa imesomwa jina kwa treni ya Alhamisi ya juma lile, na Papa alikuwa bado kifungoni. Mke wake alikataa kupanda bila yeye. Treni ikaondoka. Papa alipotoka, treni iliyofuata haikuja mpaka mvua zote zilipokuwa zimewanyeshea.

Nilikwenda gare mara moja tu. Nilikuwa nimeziokota kadi, nimezifuta matope, nimezipanga upya katika kopo, nikalibeba chini ya kanga. Harufu ilinipokea kabla ya watu: moshi, mavi, unga ulioungua. Mado alikuwa anapepea jiko la bati; alinitazama mara moja akarudi kwenye moto wake. Nyuma ya turubai mtoto alikuwa anakohoa na mama yake Mado alikuwa anamwambia taratibu, "Tshibi, kunywa. Kunywa kidogo." Alikuwa mdogo wao wa mwisho, wa miaka mitatu, ambaye siku nyingine alikuja maabara kulala juu ya koti la baba yake. Papa alitoka. Alikuwa mwembamba, na mdomo wake umepasuka. Nilimpa kopo. "Umezipanga?" "Ndiyo, papa. Kwa makaburi." "Ya kumi na ine iko?" "Iko." Alinitazama uso, polepole, kama alivyotazama chombo kabla ya kunisomea hali yake. "Kule kwenu munakula?" "Tunakula, papa." "Bon," alisema. "Ni muzuri. Rudi, mvua inakuya." Nikarudi.

"Ni yaya yangu," nilimwambia Mado, mezani pangu, baada ya miaka yote hiyo. "Deo. Na minye nilijua siku ileile. Na nilikula." Yaya Deo alikufa zamani, shimo la mgodi la Kamatanda lilimwangukia akichimba, hata yeye alizikwa bila chombo. Mado aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehakiki hesabu aliyokwisha kuifanya. "Papa alijua," alisema. "Siku ulileta kopo. Ulipoenda alimwambia mama: ule mutoto, uso yake imekula." Kisha akanisukumia kopo. "Fungua."

Mwandiko wangu wa miaka kumi na sita ulikuwa mzuri kweli. Nasema hivyo bila kiburi, kama unavyosifu nguo ya marehemu. Niliipata kadi ya kumi na nne. Herufi zilitetemeka. Kwenye hali alikuwa ameandika: Kimesafishwa kwa ndimu na majivu, alama ya nguo imepotea. Mkono: Mukendi. Katika kopo lote ule ndio uongo mmoja. Nilichukua kalamu, nikapiga mstari mmoja juu ya jina lake, nikaandika langu pembeni. Nilianza kuzirudisha kadi koponi, nikizihesabu kwa mazoea ya zamani, na baada ya ya sitini na moja kidole changu kikagusa nyingine.

Namba: 62. Kaburi: mtoto mwanamume, Tshibi, nyuma ya gare ya Likasi. Mahali: mkono wa kuume, mdomo juu. Kitu: gobele, kikombe cha plastiki, cha manjano. Upana na kina: wazi, hakuvijua au hakuweza kupima. Hali: nzima. Imewekwa na mama yake.

"Njo kintu ya pili," Mado alisema. "Nataka kumona ile kaburi. Weye ulibakia hapa. Nipeleke."

Tulikwenda asubuhi. Nyuma ya reli, pale walipowazika watu wa gare, sasa ni mtaa: nyumba za matofali ya udongo, nyanya, nguo kwenye kamba. Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Mwanamke mmoja kijana alikuwa anachimba udongo wa matofali, mtoto mgongoni, na Mado akamsalimia, akamuuliza kama alisikia kulikuwa na makaburi. "Kulikuwaka, mama, banasemaka. Ya batu ya treni." "Na mukichimba, munapataka kintu?" Mwanamke alichoma jembe udongoni, akapumzika juu ya mpini. "Bintu ya plastiki tu. Masahani, gobele. Ingekuwa shaba tungeuzisha. Ile tunatupaka." Mado alikuwa ametoa kadi, ameishika kwa mikono miwili, kama mtu wa ofisini. "Gobele ya manjano," alisema. "Haukuona moja ya manjano?"

Yule mwanamke alitutazama mmoja mmoja, akaona tunangoja jibu kweli.

"Mama," alisema, "iko ya rangi yote."